Kubadilisha tovuti si sababu ya msomaji kukuta ukurasa mweupe

Goma, Bukavu, Uvira, Beni: siku hizi redio nyingi za jamii na makundi ya waandishi wa habari yana tovuti zao. Ni jambo la kufurahia. Lakini namna baadhi ya tovuti hizo zinavyofanyiwa mabadiliko inawaumiza wasomaji wenyewe. Fundi anaketi saa nne ya asubuhi, anachukua faili mpya na kuzimwaga moja kwa moja juu ya zile za zamani, ndani ya folda ileile ambayo watu wanaisoma dakika hiyo. Halafu umeme unakatika.

Faili ikiandikwa juu ya nyingine kwa njia hiyo, kwa kawaida ile ya zamani inafutwa kwanza, kisha mpya inaingia kipande kwa kipande, kwa mwendo wa intaneti ya fundi. Anayefungua ukurasa katikati ya kazi anapewa kile kilichokwisha kufika. Kama ni faili ya programu, kama zile za WordPress, mara nyingi hapati hata nusu: anaona ukurasa mweupe, au maneno ya kosa yasiyomhusu. Na mega zake zimekwisha kuliwa.

Wengine husema hilo ni jambo dogo, msomaji atarudi baadaye. Wakumbuke Goma. Volkano ya Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021, na asubuhi ya tarehe 27 liwali wa kijeshi akatangaza kwamba mitaa 10 kati ya 18 ya mji ihamishwe. Siku kama ile kila mtu anatafuta jina la mtaa wake kwenye orodha. Orodha iliyokatikia katikati ni mbaya kuliko kukosa orodha, kwa sababu asiyeona mtaa wake atabaki nyumbani. Na tovuti ikinyamaza, uvumi wa WhatsApp haunyamazi.

Dawa ipo na haina bei. Toleo jipya liwekwe kwenye folda yake pembeni, mahali ambapo msomaji hafiki. Lifike lote, lijaribiwe. Seva nayo isome kupitia jina moja tu, tuseme «sasa», ambalo ni alama inayoelekeza kwenye folda ya toleo linalotumika. Kila kitu kikiwa tayari, alama mpya inatengenezwa pembeni na kupewa jina hilo badala ya ile ya zamani. Kubadili jina kwenye diski ileile ya Linux ni tendo moja lisilogawanyika: msomaji anapata la jana au la leo, hakuna la katikati. (Mafundi wengi hufuta alama kwanza ndipo waiunde upya. Hapo pengo dogo linabaki, na kwenye tovuti yenye wasomaji wengi kuna atakayeangukia humo.)

Kwa intaneti yetu ya kusuasua, programu ya bure ya rsync, iliyotoka mwaka 1996, inafaa zaidi. Inatuma vipande vilivyobadilika tu, na faili inayofika inafichwa chini ya jina la muda hadi ikamilike. Inaweza hata kuamriwa kuzishikilia faili zote hadi mwisho, kisha izibadilishe kwa mfululizo wa haraka. Aliyekodi nafasi ya bei ndogo inayokubali FTP peke yake bado anaweza kupakia faili kwa jina jingine, kisha kulibadili.

Kungoja usiku si jibu. Saa nane ya usiku Bukavu, mashariki ya Marekani ni saa moja au saa mbili ya jioni, na Wakongo walioko huko ndio kwanza wametoka kazini na wanatafuta habari za nyumbani. Isitoshe, fundi mwenye usingizi hukosea.

Ugumu wa kweli uko kwingine. Simu ya msomaji huweka akiba ya faili za mapambo, kwa hiyo ukurasa mpya unaweza kuvaa nguo za zamani. Ndiyo maana faili hizo zipewe jina jipya kila zinapobadilika. Hazina ya data ni ngumu zaidi, maana haina folda ya pembeni ya kurudia: nguzo mpya iongezwe kwanza, toleo jipya lizoee kuitumia, ile ya zamani ifutwe siku nyingine.

Mkurugenzi wa redio hahitaji kuyajua yote haya. Kabla ya kulipa sehemu ya mwisho ya pesa, amuulize fundi swali moja: tukiona kosa baada ya kubadilisha, tutarudi kwenye toleo la jana kwa muda gani? Mwenye folda ya zamani atajibu kwa sekunde. Akijibu kwamba atapakia faili zote upya, pesa zingoje.