Mwili Ukipooza, Mtu Bado Yupo

Katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo si ajabu kusikia kwamba mgonjwa aliyepooza upande mmoja amepitiwa na upepo mbaya, au kwamba kuna mkono wa mtu. Maneno hayo huvunja familia na kumchelewesha mgonjwa kufika hospitali. Sisi tunaojiandaa kuwa wachungaji hatuna budi kuujua mwili ili tuweze kuyajibu.

Amri ya kuinua mkono huanzia kwenye gamba la ubongo linalosimamia mwendo. Hushuka kwa mishipa ya fahamu hadi sehemu ya chini ya ubongo, ambako nyuzi zake nyingi huvuka upande wa pili, kisha huingia kwenye uti wa mgongo na kuifikia misuli. Taarifa za mguso na maumivu hupanda kupitia uti wa mgongo hadi talamasi, kituo kilichomo ndani kabisa ya ubongo, nacho huzipeleka kwenye gamba. Ndiyo maana damu ikikosekana au ikivuja upande wa kushoto wa ubongo, unaopooza ni mkono wa kulia. Hapo hakuna mkono wa mtu. Mara nyingi kuna shinikizo la damu ambalo halikupimwa.

Njia hizo zikikatika, akili huenda bado ni nzima. Mwaka 1995 mwandishi Mfaransa Jean-Dominique Bauby alipata kiharusi kwenye shina la ubongo, akabaki akiwasiliana kwa kupepesa jicho la kushoto. Kwa kupepesa huko, herufi moja moja, aliandikisha kitabu kizima kilichotoka mwaka 1997.

Kwa hiyo, ndugu waamini, tusizungumze kando ya kitanda cha mgonjwa kana kwamba hayupo. Tumsalimie kwa jina, tumwulize maswali ya ndiyo au hapana, tumpe muda wa kujibu. Wala tusingoje pumzi ya mwisho ndipo tumwite padre: Kanuni ya 1004 ya Sheria za Kanisa inaruhusu Mpako wa Wagonjwa mara mwamini mwenye umri wa kutumia akili anapoanza kuwa hatarini kwa ugonjwa au uzee. Lakini uso ukipinda ghafla, mkono ukilegea au ulimi ukiwa mzito, tutafute kwanza gari la hospitali. Tusali njiani, na padre amkute huko.