Kiswahili hakishindwi na vitamini E

Ni jambo la kusikitisha kwamba mwanafunzi wa Kapsoya, hapa Eldoret, akiulizwa kazi ya vitamini E mwilini, hukariri sentensi ya Kiingereza aliyoisoma kitabuni. Akiombwa aieleze kwa Kiswahili, ulimi huwa mzito. Wengi hulaumu lugha. Nionavyo mimi, lugha inasingiziwa.

Mnamo 1922, Herbert Evans na Katharine Bishop waligundua huko California kwamba panya waliokosa kirutubisho fulani walishika mimba, lakini vijusi vikafa. Ndiposa mwaka 1936 kirutubisho hicho kikaitwa tokoferoli, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya uzazi na kubeba. Baadaye ikabainika kuwa vitamini hiyo huyakinga mafuta ya utando wa seli yasiharibiwe na oksijeni. Aghalabu masomo yetu hukomea hapo.

Hata hivyo, utafiti haukukoma. Katika miaka ya 1990, Angelo Azzi na wenzake walionyesha kwamba, katika seli zilizokuzwa maabarani, alfa-tokoferoli hupunguza utendaji wa kimeng'enya kiitwacho protini kinasi C. Zipo pia jeni ambazo utendaji wake hupanda au kushuka vitamini hiyo iwapo. Ni kwa kiasi gani haya hutokea ndani ya mwili wenyewe? Wataalamu wangali wanajadiliana.

Jeni nazo huiathiri vitamini. Ipo jeni inayoliwezesha ini kutengeneza protini ya kuipeleka alfa-tokoferoli kwenye damu. Mwaka 1995 ilithibitishwa kwamba jeni hiyo ikiwa na kasoro, mtu hupungukiwa na vitamini E hata akila vyema, na mwendo wake huwa wa kuyumba. Familia kadhaa za Tunisia zina maradhi hayo.

Je, msomaji, ni wapi Kiswahili kimekwama? Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu 1990.

Hili si suala la mtihani pekee. Mwaka 2011, utafiti mkubwa wa Marekani ulionyesha kwamba wanaume waliomeza vidonge vya vitamini E kila siku walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi ya wenzao. Mzazi asiyejua Kiingereza atang'amuaje kwamba karanga na mafuta ya alizeti ni chakula, ilhali kidonge chataka ushauri wa daktari?

Walimu wa biolojia na wa Kiswahili na waketi pamoja. Elimu isiyoweza kuelezwa nyumbani ni elimu nusu.