Mafuriko ya Port-Marly

Wiki hii tunawaalika wasomaji wetu waitazame pamoja nasi picha moja ya mto, iliyochorwa na Alfred Sisley mwaka 1876. Mto ni Seine, na mahali ni Port-Marly, kijiji kilicho magharibi ya Paris, ambako maji yalifurika hata yakaingia mitaani. Mkono wa kushoto imesimama nyumba ya ghorofa, duka la mwuza mvinyo, kuta zake za manjano iliyochanganyika na waridi, na chini yake yote ni maji. Mashua ndogo zapita mahali ambapo watu walizoea kupita kwa miguu. Sehemu kubwa ya turubai ni mbingu yenye mawingu, na mbingu hiyo hiyo twaiona tena usoni mwa maji.

Ajabu ni kwamba hapana anayepiga mayowe. Wachoraji wengi, wapewapo gharika, hutuletea mikono iliyoinuliwa na akina mama waliokumbatia wana wao. Sisley ametupa maji yaliyotua tu, na kwetu sisi utulivu huo una uzito kuliko kilio.

Pengine aliujua ukimya wa namna hiyo. Babake, Mwingereza mfanyabiashara, alimpeleka London ajifunze biashara. Kijana akarudi akachagua brashi. Vita vya mwaka 1870 baina ya Ufaransa na Prussia viliiangusha biashara ya baba, naye akabaki na mke, watoto, na picha zilizouzwa kwa bei ya kutupa. Alizaliwa Paris, akaishi Ufaransa karibu umri wake wote, akaomba uraia, asiupate. Alifariki Januari 1899, miezi michache tu baada ya mkewe. Rafikiye, Claude Monet, alishughulika kuandaa mnada wa kuwasaidia mayatima wake.

Mwaka uliofuata picha hii ya Port-Marly iliuzwa kwa faranga 43,000. Leo imo katika jumba la makumbusho la Orsay, Paris.

Tulipowaonyesha watoto wetu nakala yake, mmoja hakuuliza habari za bei wala za mchoraji. Aliuliza kama wenye nyumba walikuwa ghorofani. Tukarudi kuyatazama madirisha ya juu, moja baada ya jingine.