Santuri zilizotupita Kericho

Wakusanyaji wa muziki wa Wakipsigis wana haki ya kujuta. Zile santuri ndogo za inchi 7 za Chandarana, duka la muziki la Kericho lililokuwa na studio yake, ziliuzwa kama bidhaa nyingine yoyote. Aliyeahirisha kununua aliona kesho ipo. Wapo wasemao nyimbo zote ziko YouTube siku hizi, majuto ya nini? Lakini wimbo haupandi mtandaoni wenyewe: sharti awepo aliyeitunza santuri, na lebo yake ya karatasi iwe bado inasomeka, maana hapo ndipo lilipo jina la mtunzi. Tazama "Chemirocha", wimbo ambao Hugh Tracey, mtafiti aliyekusanya muziki wa Afrika, aliwarekodi wasichana wa Kikipsigis wakiuimba mwaka 1950. Ulihifadhiwa Afrika Kusini, na miongo mingi ikapita kabla ya nakala kurudishwa kwa wenyewe. Wengine watauliza, mchuma chai angenunuaje santuri kabla ya unga? Kweli kabisa, na hana lawama. Ndiyo maana kazi hii inazifaa maktaba za Kericho na Bomet: zitafute santuri zilizobaki makabatini, zizinunue kwa bei ya haki, wakati wangalipo wazee wa kututajia nani alipiga gitaa.