Fundi na mkaguzi wagombane, mimi nilale gizani?

Mhariri,

Jana mkaguzi wa stima aliondoka kwangu hapa Voi akaniachia karatasi ya kuikataa nyumba, na hadi sasa chakula hakinipiti. Nyumba imekwisha. Rangi imepakwa, vitasa vimetiwa, watoto wameshagawana vyumba. Kilichobaki ni mita tu.

Mkaguzi wa kwanza alikuwa ameikataa waya ya bafuni. Fundi wangu ana leseni ya EPRA, ile mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, jinsi Sheria ya Kawi ya 2019 inavyotaka, naye alitia waya ya milimita 4 kwa shawa ya maji moto ya wati 5,500. Akamfanyia mkaguzi hesabu kwa penseli: gawanya kwa volti 240, unapata ampea 23 hivi, na waya hiyo inabeba zaidi ya hapo. Mkaguzi akasema anataka 6, basi. (Hesabu yenyewe ilifanyiwa kwenye ukuta wangu mpya, ahsante sana.) Tukabomoa plasta, tukanunua waya nyingine, na bei ya waya siku hizi mwaijua.

Jana kaja mwingine. Huyu hata bafuni hakuingia! Shida yake ni eathi. Kapima, katikisa kichwa, kasema rodi moja haitoshi. Fundi akamjibu kuwa jirani alipitishwa na rodi moja, udongo ni huu huu mwekundu, na aliyeichimbia ni yeye yeye. Wakaanza kurushiana namba za kanuni kwa Kizungu, nami mwenye nyumba nimesimama katikati kama mzigo uliosahauliwa stendi.

Sipingi ukaguzi. Stima inaua, na mafundi wa njia za mkato tunao. Lakini kama kiwango ni kimoja, mbona kila mkaguzi anakuja na chake? Kiandikwe kwa Kiswahili, kibandikwe kwenye maduka ya vifaa, nikisome kabla sijatoa pesa. Na anayekataa aandike ni kifungu gani kilichovunjwa, si kuandika "haifai" na kuondoka. Vinginevyo watu wataendelea kunong'ona kwamba kinachotafutwa ni chai. Mimi sijasema, nimesikia tu.

Tena sikiliza ushauri nilioachiwa: huku kwetu ni kukavu, kwa hivyo niwe nikimwagia maji pale penye rodi, udongo ulowe. Maji gani, Mhariri? Chemchemi za Mzima ziko ndani ya kaunti hii hii ya Taita Taveta, na bomba lake linanywesha Mombasa tangu miaka ya 1950. Mimi nanunua maji ya mitungi kwa mkokoteni! Mfereji wangu ukitoa kitu, ni upepo. Nyaya kubwa za stima nazo zinatupitia juu ya vichwa kati ya Nairobi na Mombasa, nasi chini tunawasha koroboi.

Waheshimiwa wetu wanayajua yote haya. Kila kampeni hupanda jukwaani wakatuahidi maji na stima kwa pumzi moja, kisha tunawaona tena kwenye runinga, sisi tulio nayo. Mwaka wa 2027 watarudi. Atakayebisha hodi kwangu aje na mtungi, nitamwonyesha rodi ilipo.

Mwenye nyumba asiye na mita,
Voi