"Ile hela tuma kwenye namba hii": ukitapeliwa, kosa ni lako?

Mwisho wa mwezi umefika na unajiandaa kumtumia mwenye nyumba kodi. Meseji inaingia: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Unatuma. Jioni mwenye nyumba anapiga, anauliza kodi iko wapi.

Ukisimulia, jibu la kwanza unalijua: "Na wewe nawe! Bado kuna watu wanaibiwa hivyo?"

Lakini meseji hii haiahidi zawadi wala utajiri, kwa hiyo ya tamaa tuyaache. Inarushwa kwa watu wengi kwa mpigo, na inamnasa yule ambaye siku hiyo kweli alikuwa na mtu wa kumtumia hela. Yaani mtu anayelipa kodi kwa wakati!

Wajibu wako upo. PIN hapewi mtu, hata anayejiita "huduma kwa wateja". Na kabla ya kutuma kwenye namba mpya, mpigie mhusika kwanza.

Ila tangu 2020 Tanzania inafungia laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole. Tulipanga foleni NIDA kwa ajili hiyo. Sasa tapeli laini anaipata wapi? Njia moja ni wakala anayekwambia "weka tena kidole, haijasoma", kumbe anasajili laini ya pili kwa jina lako. (Piga *106# uone zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.) Uchafu huo mwenye kodi yake hawezi kuuona. Kampuni ya simu inaweza.

Uingereza wameligeuza jambo hili kuwa gharama. Tangu Oktoba 7, 2024, anayetapeliwa akahamisha hela mwenyewe hurudishiwa hadi pauni 85,000. Benki iliyotuma na iliyopokea zinagawana nusu kwa nusu. Aliyezembea kupita kiasi anaweza kunyimwa, kwa hiyo uangalifu bado unadaiwa. Ila benki iliyompokelea tapeli nayo inaumia, na ndiyo inayojua nani kafungua akaunti.

Kwetu, aliyeibiwa huogopa kuchekwa, anakaa kimya. Ukimya huo humpa tapeli muda wa kufika kwa wakala na kutoa hela.

Yakikukuta, piga huduma kwa wateja hapo hapo waombe kuizuia, kisha tuma namba ya tapeli kwenda 15040. Watakaocheka waache wacheke baadaye.