Nyumba ya aliyekimbia vita haijawa ya kuuzwa

Huko Marekani, mtu akishindwa kulipa deni la nyumba, benki huweza kuichukua. Wakala huweza kufyeka majani, kutengeneza paa na kupaka rangi kabla ya kuiuza. Kwetu wilayani Kabambare, nyumba nyingi zenye majani hadi dirishani hazina deni lolote. Wenyewe walikimbia risasi, hasa Salamabila, ambako mapigano ya Maï-Maï Malaika yalifukuza watu na kampuni ya Banro ikasimamisha kazi yake Namoya mwaka 2019.

Basi komisionere anayeweka mlango mpya na kupaka chokaa kwenye nyumba kama hiyo anauza mali ya nani? Karatasi ya shefu wa kijiji haitoshi. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi ni ya Serikali, na haki ya mtu juu ya kiwanja inathibitishwa na cheti cha usajili. Hatari iko hapo: cheti kikihamishiwa jina la mnunuzi, miaka miwili ikapita, hakishambuliwi tena, mkimbizi akirudi atabaki kudai fidia. Na wengi wetu hata hicho cheti hatuna.

Kufyeka na kuziba bati linalovuja ni kazi nzuri, maana matofali mabichi hayavumilii mvua. Lakini ifanywe kwa jina la mwenye nyumba, majirani wakishuhudia, na gharama iandikwe ili alipe akirudi. Konservateri wa ardhi naye asitie sahihi kabla mwenyewe au ndugu zake hawajatafutwa. Simu zinafika hadi Kalemie.